Pasaka, mashindano ya besiboli na wageni 24: nimsikilize nani?

BARUA

Ndugu washauri,

Salaam. Tunaishi Texas, nje kidogo ya Dallas. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 10 na hana analolipenda kuliko besiboli. Anachezea timu mbili. Ya kwanza ni ya mtaani, iliyo chini ya Little League, shirika la ligi za besiboli za watoto: mazoezi Jumanne na Ijumaa jioni, mchezo kila Jumamosi. Ya pili ni timu ya kusafiri, iliyomwita Januari baada ya kumwona anavyorusha. Kote kuwili ni mrushaji, yaani ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na zamu (vipindi vya mchezo) ambazo harushi huwekwa nyuma ya mpigaji kuwa mdakaji.

Mwaka huu wa 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi. Timu ya kusafiri imejiandikisha kwenye mashindano ya Jumamosi na Jumapili hiyohiyo, katika mji ulio mbali saa mbili kwa gari. Timu ya mtaani nayo ina mchezo Jumamosi saa nne asubuhi. Kocha wa timu ya kusafiri ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba atakayekosa wikendi ile asishangae akipoteza namba. Mume wangu anasema mtoto aende, pesa tumeshalipa, Misa ataikuta hukohuko. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, hajasema neno. Ila aliposikia kwamba hata Ijumaa Kuu kuna mazoezi aliingia chumbani akatoka jioni.

Jumapili mezani tutakuwa watu 24, maana ndugu wa Houston na wa Oklahoma City wamethibitisha kuja. Nimewaahidi pilau ya mbuzi. Nitaipika saa ngapi kama nimeshinda uwanjani? Halafu kaka yangu amemnunulia mpwa wake gongo la bei kali kuwa zawadi ya Pasaka. Liko bado kwenye plastiki yake. Mume wangu anasema huenda haliruhusiwi, nami sijui pa kutazama.

Jambo dogo la mwisho: tangu wiki iliyopita mtoto akitoka kurusha analalamika kiwiko cha kulia kinamuuma upande wa ndani, asubuhi anasema kimepoa. Baba yake humchua kwa dawa.

Nimsikilize nani: kocha, mume wangu, au Bibi?

Mama wa Kifungua Mimba, Texas

JIBU

Dada yetu,

La kiwiko umeliweka mwisho na umeliita dogo. Sisi tunaanza nalo, kwa sababu katika yote uliyoandika ndilo pekee lisilongoja Pasaka.

Mtoto wa miaka 10 mifupa yake ingali inakua. Ukigusa kiwiko chake upande wa ndani utakuta kifundo cha mfupa. Chini yake kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Misuli inayokunja kiganja, pamoja na kano inayoshika kiwiko kwa ndani, vimejishikiza kwenye kifundo hicho. Kila mpira unaporushwa kwa nguvu, upande wa ndani wa kiwiko huvutwa kama unaotaka kufunguka. Kwa mtu mzima kinachochoka kwanza ni kano. Kwa mtoto gegedu ni dhaifu kuliko kano, kwa hiyo ndilo linaloumia, na likizidi kuvutwa kipande cha mfupa kinaweza kubanduka. Maumivu yanayokuja baada ya kurusha na kupoa usiku ndiyo sura ya mwanzo ya tatizo hili. Kupoa asubuhi kusikupe faraja.

Kuanzia leo asirushe kabisa. Hata udakaji aache, kwa kuwa mdakaji humrudishia mrushaji mpira karibu kila mara, na hesabu ya mipira aliyorusha mwisho wa mchezo haipungui sana ile ya mrushaji mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hii na umweleze mambo manne: anarusha kwa timu mbili, maumivu yako ndani ya kiwiko, yalianza lini, na kama mkono unanyooka wote au unagoma njiani. Daktari akiagiza picha, uliza kama vipigwe viwiko vyote viwili. Gegedu la ukuaji huonekana kama mwanya kwenye picha hata kwa mtoto mzima wa afya, hivyo kiwiko kizuri husaidia kupimia kilicho kibaya. Dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu visitumike kumrudisha uwanjani. Vinanyamazisha kengele tu. Kwa kawaida hupewa wiki kadhaa za kutorusha, kisha hurudi hatua kwa hatua: mita chache, mipira michache, siku moja ndiyo na moja hapana. Tarehe ya kurudi aipange daktari.

Imetokeaje, wakati makocha wote wawili yamkini wanafuata kanuni? Imetokea kwa sababu kila kocha anahesabu ya kwake. Kanuni za Little League kwa mtoto wa miaka 9 hadi 10 zinasema asizidishe mipira 75 kwa siku. Akirusha 21 hadi 35 apumzike siku moja kamili, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, na kuanzia 66 siku nne. Aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kuwa mdakaji siku hiyo. Aliyedaka zamu nne au zaidi haruhusiwi kurusha siku hiyo. Sasa chukua mtoto aliyerusha 45 Jumamosi kwenye timu ya mtaani. Jumapili na Jumatatu ni za kupumzika. Timu ya kusafiri ikimpa kurusha Jumapili mchana, kitabu cha kocha wake kitaonyesha mkono mpya kabisa, na hakuna atakayekuwa amedanganya.

Ndiyo maana mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya besiboli ya Marekani pamoja na USA Baseball, chama cha taifa cha mchezo huo, unasema mtoto aepuke kurushia timu mbili kwa wakati mmoja, na aepuke kudaka katika michezo asiyorusha. Kwa miaka 9 hadi 12 unasema pia asizidishe zamu 80 za kurusha kwa miezi 12, timu zote zikijumlishwa, na apate angalau miezi 4 kila mwaka bila kurusha, 2 au 3 kati ya hiyo ikifuatana. Mtoto wako amevunja mambo mawili ya kwanza tangu Januari. Atakaporuhusiwa kurudi, nunua daftari la shule uandike tarehe, timu, mipira aliyorusha, zamu alizodaka, na kama mkono ulimuuma. Daftari hilo likae kwenye begi lake la uwanjani, na kocha aonyeshwe kabla ya mchezo. Kama mtaweza kumshawishi abaki na timu moja msimu huu, tungefurahi zaidi.

Kwa hiyo kuhusu mashindano, jibu letu ni kwamba asiende. Hata Pasaka isingekuwapo tungesema hivyohivyo. Ada mliyolipa imeshaondoka aende asiende, isiwe sababu. Mume wako hana kosa kufikiri kwamba mtoto aliyejiunga na timu ana deni kwa wenzake, na deni hilo hulipwa kwa kutoa taarifa mapema. Timu ya besiboli inahitaji wachezaji tisa uwanjani. Kocha akijua wiki mbili kabla, ataita mtoto mwingine. Akijua Alhamisi usiku, watoto wanane wa watu wengine wanaweza kusafiri saa mbili wakakuta hawatoshi. Tunashauri baba ndiye aandike, tena kwa kocha moja kwa moja, si kwenye kundi:

"Kocha, mwanangu ana maumivu ndani ya kiwiko na tumemsimamisha kurusha na kudaka hadi daktari aseme. Hatakuwepo wikendi ya tarehe 27 na 28. Jumapili hiyo ni Pasaka, na familia yetu haichezi siku hiyo mwaka wowote. Tunakuambia sasa upate muda wa kumtafuta mwingine. Tutakuletea jibu la daktari."

Msiombe radhi mara tatu, wala msiongeze maelezo ya wageni na pilau. Sentensi ya Pasaka muiache humo hata kama kiwiko peke yake kingetosha, la sivyo mwakani mtaulizwa upya. Kocha akijibu kwamba mtoto amepoteza namba kwa ajili ya mkono unaouma, amewaeleza jinsi atakavyoutunza mkono huo mpaka Julai. Mwaminini.

Timu ya mtaani ni habari nyingine. Wapo wanaosema siku zote tatu, Ijumaa Kuu hadi Jumapili, ziwe bila mpira; hapa hatukubaliani nao. Jumamosi Kuu mchana Kanisa lenyewe halina Misa. Mkesha wa Pasaka hauanzi kabla ya giza kuingia, na upande wa Dallas tarehe 27 Machi jua litazama kama saa moja na dakika 43 jioni, hivyo parokia nyingi zitaanza saa mbili hivi au saa mbili na nusu usiku. Mchezo wa saa nne asubuhi wa watoto wa umri huu huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Saa saba mchana mko nyumbani. Mtoto avae jezi, akae benchi na wenzake, aandike matokeo kwenye kitabu cha timu. Kazi hiyo hufundisha mchezo vizuri mno, na makocha wengi hawana mtu wa kuifanya. Daktari akimruhusu kupiga tu, kocha aambiwe kabla ya kupanga orodha, kwa sababu mchezaji wa uwanjani naye hurusha.

Ijumaa Kuu jioni asiende mazoezini. Mkumbuke kwamba Marekani Ijumaa Kuu si sikukuu ya taifa, na Jumatatu ya Pasaka ni siku ya kazi kama nyingine. Kocha wa mtaani alipopanga mazoezi hakukusudia kumdharau mtu. Mwambieni tu. Kuhusu kufunga, msimbane mtoto: sheria ya Kanisa Katoliki inawafunga wenye miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Bibi naye, kama amepita umri huo na anatumia dawa, hana deni la kufunga. Hilo amsikie padre akimwambia, maana akiambiwa na mkwe hatalipokea.

Tuje kwa Bibi. Ukimya wake tunauelewa hivi: hajui nafasi yake katika nyumba ambayo ratiba inatoka kwenye simu ya kocha. Mwanawe, si wewe, aende akaketi naye amwambie: "Mama, Ijumaa Kuu tutakuwa kanisani wote, na Jumapili hakuna atakayetoka mezani." Maneno hayo yakitoka kwako yataonekana ya mkwe anayejitetea. Kisha mwombeni aje uwanjani Jumamosi. Kiti chake kiwekwe nyuma ya wavu ulio mgongoni mwa mdakaji. Pembeni mwa mistari, ambako wazazi wengi hupenda kukaa, mipira inayopigwa vibaya hufika kwa kasi, na mpira wenyewe una gramu 142 hivi na ni mgumu. Mpeni kofia, maji na blanketi. Machi huko kwenu asubuhi inaweza kuwa na baridi na saa sita ikawa jua kali.

Kuuelewa mchezo hakutamchukua muda. Kama alipata kuona raunda shuleni, mwambieni ni ndugu yake: anayepiga hukimbia vituo vinne, akirudi nyumbani salama timu yake inapata pointi. Timu inapiga mpaka wapigaji wake watatu watolewe, halafu zinabadilishana. Watoto hawa hucheza zamu sita. Mpigaji akikosa mara tatu ametoka, akirushiwa mipira minne mibaya anakwenda kituo cha kwanza bure, mpira aliopiga ukidakwa kabla ya kugusa chini ametoka. Yatosha. Mwambieni pia kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko South Williamsport, Pennsylvania, akaone kwamba mjukuu wake hakuokota jambo la ajabu.

Kama zamu ya vitafunwa vya timu ni yenu, pelekeni machungwa yaliyokatwa na maji. Kashata za karanga ziacheni nyumbani. Mzio wa karanga kwa watoto wa huko unaweza kuwa wa kufa na kupona, na hamjui nani anao.

Sasa pilau. Watu 24, wakiwemo watoto, mchele kilo 3 na mbuzi wa mifupa kilo 4 vinatosha na kubaki kidogo. Umehangaika kuhusu saa, na siri ya saa ni kwamba pilau hii inaanza Alhamisi.

Mbuzi wa maduka ya Kiafrika huko kwa kawaida ameganda. Mtoe kwenye friza Alhamisi asubuhi umweke chini kabisa kwenye jokofu, ndani ya trei ya kukinga maji. Hesabu saa 24 kwa kila kilo 2 hivi. Usimyeyushe juu ya meza: nje inaanza kuharibika wakati ndani bado barafu. Alhamisi hiyohiyo nunua vitunguu kilo 1 na nusu, viazi kilo 1, tangawizi, saumu na viungo. Ijumaa baada ya ibada mpe Bibi viungo. Akaange kwa moto mdogo bila mafuta, kisha asage: binzari nyembamba vijiko vikubwa 6, pilipili manga vijiko vikubwa 2, iliki punje 20, karafuu 15, mdalasini vijiti 4. Akisema karafuu zimezidi au binzari haitoshi, afuatwe yeye.

Jumamosi mkirudi uwanjani, chemsha nyama na chumvi, saumu na tangawizi kwa saa moja na nusu hivi, hadi iive bila kuachia mfupa. Wakati inachemka, kaanga vitunguu vyote mpaka viwe kahawia iliyokolea. Rangi ya pilau inatoka hapo. Ukiviacha vya dhahabu utapata wali mweupe wenye viungo, ukiviunguza utapata uchungu usioondoka. Vikifika, zima moto mapema kidogo, vinaendelea kuiva kwenye mafuta yake.

Kinachoharibika zaidi ni hatua ya baadaye. Sufuria kubwa ya nyama na supu, ikifunikwa na kuachwa jikoni mpaka asubuhi, inabaki vuguvugu usiku kucha, na hapo ndipo vijidudu huzaana. Kuichemsha tena asubuhi hakuondoi sumu zote walizoacha. Toa nyama uitandaze kwenye trei, mimina supu kwenye vyombo vifupi, kina chake kisizidi sentimita 5, na ndani ya saa mbili vyote viwe jokofuni. Vitunguu navyo. Kisha wote mlale kidogo. Mkesha ukisomwa kamili una masomo saba ya Agano la Kale, waraka na Injili, na unaweza kumaliza saa mbili au tatu.

Mkienda Mkesha, wajibu wa Misa ya Pasaka umetimia, hata kama ni Jumamosi usiku. Atakayetaka kurudi Jumapili asubuhi na Bibi aende, na wewe una asubuhi nzima na jiko lako.

Jumapili saa tatu asubuhi pima mchele kwa kikombe kabla ya kuuosha. Kilo moja na nusu ya basmati ni kama vikombe 8. Osha mpaka maji yawe maangavu, loweka nusu saa, chuja. Usipike kilo 3 kwenye sufuria moja juu ya jiko la umeme: chini itaungua, katikati itakuwa bokoboko na juu itabaki na kiini. Gawa mara mbili, katika sufuria mbili pana zisizo na mikono ya plastiki. Katika kila moja weka nusu ya vitunguu na mafuta yake, viungo, nyama na viazi, ukaange mpaka nyama ishike rangi. Mimina supu iliyoongezwa maji, vikombe 12 kwa kila sufuria, yaani kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele uliolowekwa. Onja supu: chumvi iwe imezidi kidogo tu, mchele utaivuta. Ikichemka tia mchele, ugeuze mara moja. Maji yakishuka na kulingana na mchele, funika kwa foili kisha mfuniko, uingize kwenye oveni ya nyuzi 150 za selsiasi, ambazo kwenye oveni yenu zimeandikwa 300, kwa dakika 25. Oveni inafanya kazi ya mkaa wa juu. Usifungue kuchungulia. Sufuria zisipoingia pamoja, ya pili ianze dakika 30 baadaye. Ya kwanza itakaa na moto wake ndani ya taulo nene. Kachumbari ikatwe wageni wakiwa wamefika.

Mayai ya kupaka rangi yatakayoliwa yasikae nje zaidi ya saa mbili. Ya kufichwa bustanini yawe ya plastiki. Jihadhari na binamu zake: watoto kumi uani na mpira mmoja, na mwenye kiwiko kibovu atataka kuonyesha anavyorusha. Mpe kazi ya kuficha mayai na kuyahesabu, na mpira wa besiboli ufungiwe kwenye gari asubuhi kabla hawajafika.

Gongo la mjomba: msilitoe kwenye plastiki bado, maana maduka mengi hayapokei likishafunguliwa. Tazameni sehemu inayoanza kuwa nyembamba kuelekea mpini. Tangu 1 Januari 2018 gongo lisilo la mbao katika umri huu wa Little League lazima liwe na nembo ya USA Baseball. Mkikuta muhuri wa USSSA, shirika jingine la mashindano, wenye namba 1.15, gongo hilo linakubalika katika mashindano mengi ya timu za kusafiri lakini mwamuzi wa Little League atalitoa uwanjani. Mume wako na kaka yako wanaweza kuwa sahihi wote wawili. Urefu kwa mtoto wa miaka 10 huwa inchi 28 hadi 30. Asimame wima, gongo liwekwe wima kando ya mguu wake. Kiganja kilicholegea kifike kwenye kitako cha mpini. Kisha, kiwiko kikipona, alinyooshe pembeni kwa mkono mmoja. Likianza kushuka kabla ya sekunde 20 ni zito. Kama limetengenezwa kwa kompoziti (nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi), lisitumike kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 15 hivi, kwani hupasuka. Aluminiamu haina shida hiyo. Kaka yako aulizwe risiti kwa upole, na aambiwe sababu, asije akadhani zawadi imekataliwa.

Mwisho, hali ya hewa. Machi na Aprili Texas ni miezi ya radi. Ngurumo ikisikika, kila mtu anaingia kwenye gari, na mchezo haurudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mchezo wa Jumamosi ukivunjika, ligi inaweza kuurudia jioni yoyote ya wiki, hata Jumatatu ya Pasaka, wageni wa Oklahoma City wakiwa bado sebuleni. Baba ampeleke na kitabu chake cha matokeo, warudi kula pilau iliyobaki, ipashwe moto mpaka itoe mvuke katikati.